Filamu ya Philadelphia baada ya miaka zaidi ya thelathini: bado ina la kutuambia sisi wa kanda ya ziwa?

Mkazi wa Mabatini (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Jumapili iliyopita nilikaa na binti yangu wa kidato cha sita tukaitazama Philadelphia, filamu ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Jonathan Demme. Tulipomaliza aliniuliza swali moja tu: "Baba, kwani huyu hakuwa na dawa?" Nilianza kumweleza, na katikati ya maelezo nikajikuta nasimulia mambo ya dunia nyingine, kama wazee wetu wanavyosimulia foleni za sabuni na sukari. Kwa hiyo naileta hoja hapa, maana najua humu wamo watu waliokuwa na akili zao miaka ile.

Kwa ambao hawajaiona, nitaeleza kwa ufupi. Andrew Beckett, anayeigizwa na Tom Hanks, ni wakili kijana katika kampuni kubwa ya mawakili. Anaumwa UKIMWI na hajamwambia mtu yeyote kazini. Mmoja wa wakubwa wake analiona baka kwenye paji la uso wake, na baada ya muda si mrefu hati ya kesi nzito inapotea ofisini, inaonekana dakika ya mwisho, kisha Andrew anafukuzwa kwa madai ya uzembe. Mawakili tisa wanakataa kumtetea. Wa kumi ni Joe Miller, anayeigizwa na Denzel Washington, mtu wa kesi ndogo ndogo za ajali, na yeye pia anamkatalia kwanza. Andrew akishatoka ofisini mwake, Joe anakimbilia kwa daktari wake kuuliza kama kumpa mgonjwa mkono kunaambukiza. Hanks alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na wimbo wa Bruce Springsteen unaofungua filamu ukapata yake.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka 1996, miezi michache baada ya MV Bukoba kuzama, katika banda la video hapa Mabatini, Mwanza, jenereta likinguruma nyuma ya turubai. Tulikuwa tumemfuata Denzel, tukitarajia bunduki. Baada ya nusu saa ya watu kuzungumza ofisini, wengi walianza kudai warudishiwe hela zao. Kulikuwa na mtafsiri aliyekuwa akitueleza kwa Kiswahili kinachoendelea, na huyo ndiye aliyenidanganya kwa miaka karibu kumi: Miguel, mpenzi wa Andrew anayeigizwa na Antonio Banderas, alimgeuza kuwa mdogo wake. Wawili hao walipocheza dansi wakiwa wamevaa sare nyeupe za wanamaji, tuliambiwa kwamba ni sherehe ya jeshini. Tukakubali.

Nilipoitazama tena kwa masikio yangu mwenyewe, ndipo nilipoelewa kwamba kampuni ile haikumfukuza Andrew kwa sababu ya ugonjwa peke yake. Ilimfukuza kwa sababu ya namna alivyoupata. Kuna shahidi mmoja, mwanamke aitwaye Melissa Benedict, aliyeambukizwa kwa kuongezewa damu baada ya kujifungua. Alifanya kazi na mmoja wa wakubwa hao katika kampuni nyingine, akiwa na mabaka yake, wala hakufukuzwa. Wakili wa kampuni anataka ionekane kwamba huyo mama ni mgonjwa asiye na hatia, ili Andrew aonekane kuwa anayo. Mama anakataa. Anasema kwamba yeye haoni tofauti yoyote kati yake na mwingine yeyote mwenye ugonjwa huo.

Basi hoja yangu ni kwamba habari za tiba katika filamu hii zimepitwa na wakati kabisa, lakini tukio hilo la dakika chache halijazeeka hata siku moja. Nendeni kwenye msiba wowote hapa mjini ambapo watu wananong'ona. Mtoto aliyezaliwa nao tunamhurumia, mama aliyeletewa na mumewe tunamhurumia nusu, mhudumu wa baa hatumhurumii kabisa. Bado tunauliza aliupatia wapi kabla ya kuuliza kama anapata dawa.

Mtu wa Nansio

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini, na nitapingana nawe. Haiwezekani filamu hiyo iwe imezeeka kwetu wakati haikuwahi kuwa yetu. Wagonjwa wa kwanza nchini walitangazwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili, miaka 10 kabla ya Hanks kupakwa mabaka ya vipodozi. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Hapakuwa na kesi wala baraza la wazee wa mahakama. Kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu saba, migomba ikiota magugu.

Mwonyeshe binti yako filamu hiyo, kisha mwulize: yuko wapi mjane aliyenyang'anywa shamba? Yuko wapi mvuvi anayehama kisiwa hadi kisiwa akifuata dagaa? Yuko wapi mchuuzi ambaye hapewi samaki mpaka akubali jambo lingine? Mwanamke mmoja tu mgonjwa ndiye anayesema, naye anasema kwa dakika chache ili kumsaidia wakili mwanamume.

Tena, kama tunatafuta simulizi kubwa ya UKIMWI ya miaka ile ile, iko hapa hapa Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, wakati Demme akitengeneza filamu yake, watafiti walikuwa wakizunguka vijijini katika mkoa huu wakiboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima ya tiba iliusoma utafiti huo. Filamu yake hatujaiona.

Nesi Mstaafu

Wanangu, mimi nilianza kazi ya uuguzi mwaka 1986 katika hospitali ambayo sitaitaja, na nilistaafu nikiwa kwenye kliniki ya tiba na matunzo, ile mnayoiita CTC. Ningependa kusema juu ya upande wa ugonjwa, kwa kuwa mleta uzi ameupita haraka mno.

Mabaka yale ni saratani ya Kaposi, na filamu imeyaonyesha vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosomea. Sisi tuliyaona mengi, ingawa ishara ambayo mtaani watu waliitambua kwa haraka zaidi ilikuwa mkanda wa jeshi. Mtu akishatokwa na mkanda wa jeshi, majirani walikuwa wamekwisha mzika kwa midomo. Kukonda kwa Andrew ni kwa kweli. Kikohozi chake ni cha kweli. Ile dripu anayoiburuta usiku huku akimfafanulia Joe wimbo wa opera ulioimbwa na Maria Callas ni ya kweli pia, na hapo ndipo nilipolia, si kwa sababu ya wimbo, ila kwa sababu ya dripu. Alikuwa nayo nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na wodi ambamo wagonjwa wawili walilala kitanda kimoja, na wa tatu akilala chini kwenye mkeka wake aliokuja nao kwa boti.

Sasa namjibu binti. Hapana mjukuu wangu, hakuwa na dawa. Kulikuwa na AZT iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987, na ikitumiwa peke yake virusi huizoea. Mchanganyiko wa dawa tatu ulidhihirika mwaka 1996, miaka mitatu baada ya filamu kutoka, na kwetu mpango wa dawa za bure ulianza mwaka 2004. Hesabu mwenyewe miaka 8 iliyo katikati. Wengi niliowafunga sanda walikufa katika miaka hiyo 8, wakati dawa ipo duniani.

Leo mgonjwa wangu anakunywa kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir, dawa ya kufubaza virusi, anachukua dawa za miezi mitatu hata sita kwa mkupuo, na virusi vikishafubazwa hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuanza tiba mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Kwa hiyo nina hofu na filamu hii. Kijana aliyepimwa jana akiitazama leo, atadhani hicho kitanda cha mwisho ndicho kinachomngoja. Nimewaona watu walioacha dawa kwa sababu walikwisha kujihesabu kuwa wafu.

Wakili wa Nyamagana

Shikamoo mama, na asante kwa kumbukumbu hiyo. Ningependa kuongeza jambo moja ambalo watazamaji wengi hulipita, nalo ni tukio la maktaba. Mhudumu wa maktaba anamshauri Andrew ahamie chumba cha faragha. Joe, aliyejificha nyuma ya vitabu, anaona, anatoka na kukaa mezani kwake. Kisha wawili hao wanasoma pamoja hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani. Hukumu hiyo ipo kweli, ni ya mwaka 1987, na haikuhusu UKIMWI: ilimhusu mwalimu aliyefukuzwa kwa kuwa na kifua kikuu. Mahakama ilisema kwamba woga wa watu wengine juu ya ugonjwa hauwezi kuwa sababu halali ya kumnyima mtu ulinzi wa sheria. Jengo zima la kesi ya Andrew limesimama juu ya kifua kikuu, ugonjwa ambao sisi wa kanda hii hatuhitaji kuelezwa. Nilifurahi sana kuona kwamba watunzi hawakubuni sheria, kwa maana filamu za mahakamani zina tabia hiyo.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja VVU na UKIMWI kwa jina miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyafanya kuwa msingi wa ubaguzi, na mwaka 2008 ikaja sheria mahususi ya UKIMWI inayokataza unyanyapaa. Kwa maandishi, basi, Andrew angekuwa na nafasi nzuri zaidi Mwanza ya leo kuliko alivyokuwa nayo kwao. Angekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa kazi, bila kulazimika kutafuta mawakili kumi.

Lakini filamu ina somo la ushahidi ambalo halijachakaa. Hakuna mwajiri anayeandika kwenye barua kwamba anakufukuza kwa sababu ya VVU. Anaandika uzembe. Kazi yote ya Joe ni kuonyesha kwamba uzembe huo ulitengenezwa.

Mchuna Minofu

Ndugu wakili, nimesoma maneno yako mara tatu, na naomba niseme kwa heshima kwamba umeeleza habari za mtu mwenye barua.

Mimi nilifanya kazi miaka minne katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa mjini, kwenye meza ya kuchuna. Tulikuwa vibarua wa kutwa. Kila alfajiri tulisimama getini, msimamizi akatoka na daftari, akaita majina ya wanaohitajika siku hiyo kulingana na samaki walioingia. Siku moja mwenzangu wa meza moja alinikuta kwenye benchi la kliniki. Sijui yeye alifuata nini pale, wala sikuuliza. Juma lililofuata jina langu halikuitwa. Juma la pili pia halikuitwa. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenitukana, hakuna hati iliyopotezwa. Kila siku samaki walikuwa wachache, kwa ajili yangu peke yangu. Hizo siku 30 ungezihesabu kuanzia alfajiri ipi?

Kwa hiyo nilipoiona filamu hiyo kwenye simu ya mdogo wangu, kitu kilichonishangaza si ukatili wa wale wazee wenye suti, ila kwamba walijisumbua. Waliificha hati, wakaifuta hata kwenye kompyuta, wakajenga uongo mrefu, kwa sababu Andrew alikuwa mtu ambaye huwezi kumwondoa bila sababu.

Hata hivyo nasimama na mleta uzi, si na Mtu wa Nansio. Yupo bosi mmoja katika filamu ambaye anakiri kizimbani kwamba alihisi Andrew anaumwa na akanyamaza, na kwamba anajuta. Yule mwenzangu wa meza sijawahi kumsikia akisema neno hilo, na ningependa kulisikia kuliko fidia. Leo nauza dagaa Mwaloni. Dawa zangu nazifuata ng'ambo, navuka na kivuko cha Kamanga, na nikizipata nazihamishia kwenye mfuko kwa sababu vidonge kwenye kopo hulia kama kayamba unapotembea. Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo mwaka wa sita huu. Mama ameshaeleza maana yake.

Mkazi wa Mabatini (mleta uzi)

Dada, pole, na asante kwa kutuamini na habari hiyo. Kuhusu bosi huyo aliyekiri, jina lake katika filamu ni Bob Seidman, na aliyemwigiza ni Ron Vawter. Vawter mwenyewe alikuwa akiishi na VVU wakati wa kupiga picha, na alifariki mwezi Aprili 1994, miezi michache tu baada ya filamu kutoka. Nilipolijua hilo nililirudia tukio la kizimbani, na sikuweza tena kulitazama kama maigizo. Mtu aliyeujua ugonjwa kwa mwili wake ndiye aliyepewa kuigiza aliyenyamaza.

Mtu wa Nansio, ninakubali nusu ya hoja yako. Wapo hata Wamarekani waliolalamika kwa sababu nyingine: mwandishi na mwanaharakati Larry Kramer aliishambulia filamu hadharani, na wengi waliona kwamba mapenzi ya Andrew na Miguel yameonyeshwa kwa aibu, kana kwamba kamera inageuza uso. Mimi naona aibu hiyo ndiyo iliyomwezesha mtafsiri wetu kumfanya Miguel kuwa mdogo mtu bila yeyote kushtuka.

Kijana wa Buzuruga

Wakuu, mimi niliitazama jana baada ya kusoma uzi huu. Kwa kweli ni ndefu, muziki wake unakuelekeza wakati wa kulia, na familia ya Andrew ni njema mno, hakuna shangazi hata mmoja anayekataa kunywea kikombe chake. Ila Joe Miller nimemwelewa. Anamtetea mteja wake mahakamani mchana, na jioni baa anasema maneno mabaya juu ya watu wa aina yake. Nina wajomba wa namna hiyo watatu.

Fundi Mikanda

Mleta uzi, banda unalolisema nalifahamu, kama ni lile lililokuwa karibu na mlima wa mawe. Nilikuwa kijana wa kurudisha mikanda nyuma na kumwagia jenereta mafuta. Mtafsiri wetu, Mungu amrehemu, Kiingereza alikuwa anakijua vizuri, na Miguel alimjua ni nani. Nilimwuliza usiku ule kwa nini alibadilisha. Alisema kwamba kulikuwa na watu mle ndani waliokuwa wanauguza ndugu zao majumbani, na kwamba angetaja ukweli, banda lingelipuka kwa kelele na hakuna ambaye angemtazama mgonjwa tena. Mtu anayekuogesha na kukushikia dripu, alisema, kwa hapa ni mdogo wako.

Sijui kama alifanya vyema. Waliobaki hadi mwisho walikuwa kama kumi na wawili, na hakuna aliyedai hela.

Mtu wa Nansio

Hilo la mtafsiri limenirudisha nyuma kidogo. Nabaki na msimamo wangu kwamba filamu si yetu, lakini naona kwamba kuna watu waliokwisha kuifanya yetu kwa nguvu.

Nesi Mstaafu

Nina kikundi cha vijana wanaoishi na VVU, wengi wao walizaliwa nao, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi. Wameusoma uzi huu na wanataka kuitazama. Ninafikiria kuwaonyesha hadi Andrew anapoanguka mahakamani, nizime hapo, niwasimulie hukumu kwa mdomo. Kitanda cha hospitali na zile picha za utotoni mwishoni sioni kama wanazihitaji. Mnaonaje?

Mkazi wa Mabatini (mleta uzi)

Mama, mashine ya kuonyeshea ninayo na nitaileta. Kuhusu kukata mwisho, ninasita, lakini wewe ndiye unayewajua.

Mchuna Minofu

Shikamoo mama. Naomba usikate. Hao watoto waliozaliwa nao, mama zao walikufa kwenye kitanda kama kile, na wengi wao hawakuruhusiwa kuingia wodini kuona. Waache waone. Ila kabla hujawasha, wape maji, kila mmoja anywe kidonge chake pale pale mbele ya wenzake, ndipo uzime taa. Kama hutajali, nami nitakuja na cha kwangu. Jumamosi huwa nafunga meza saa nane.